Siku ya Kwanza Hotelini Pwani



Wengi wetu katika milima hii ya majani chai tulifunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu tukarudi shambani. Mambo ya fungate tuliyasikia kwa watu wa mjini. Lakini siku hizi, bonasi ya chai ikija mwezi wa Oktoba, au watoto wakubwa wakichanga, utasikia mzee fulani amempeleka mkewe Diani au Bamburi siku tatu, katika zile hoteli ambazo unalipa mara moja, na chumba, chakula na vinywaji vyote vimo. Ni jambo jema. Hata hivyo siku ya kwanza yaweza kuziharibu zote zinazofuata, nami ni shahidi. Kwa hiyo leo tujifunze siku hiyo moja tu.

Mimi na mama watoto tulikwenda tulipotimiza miaka 20 ya ndoa. Watoto walibaki na nyanya yao. Kutoka Nyaramba tulisafiri usiku kwa basi hadi Nairobi, na asubuhi tukapanda Madaraka Express, treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Treni hiyo humshusha abiria Miritini, nje ya mji wa Mombasa. Hapo unatafuta gari, unavuka Likoni kwa feri (mwenda kwa miguu halipi), kisha unakwenda kama kilomita 30 hadi Diani. Tulifika saa kumi na moja jioni, miguu imevimba.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Hoteli nyingi hukupa chumba kuanzia saa nane mchana. Nikapiga hesabu: saa tatu zetu zimekwisha kupotea! Tulipoonyesha vitambulisho (msivisahau, maana bei ya wakaazi wa Kenya huwa nafuu) na kufungwa ule ukanda wa plastiki mkononi, mimi nilikuwa kama mtu aliyekuja kudai deni. Mama watoto akasema, "Twende kwanza tuone bahari." Hakuwa ameiona tangu azaliwe. Nikamjibu kwamba bahari haiendi popote, chai ya jioni ndiyo inaondolewa mezani. Baada ya chai nikaenda baa, kwa kuwa bia imelipiwa. Baada ya baa, chakula cha usiku, sahani tatu. Yeye alikula kidogo, akanyamaza.

Usiku chumbani aliniambia: "Baba watoto, mwezi umetoka ndani ya maji, mkubwa, mwekundu kama sufuria ya shaba. Nilikutafuta nikuonyeshe. Miaka 20 nimekula nawe. Sikuja huku kula."

Nilitaka kujitetea kwa habari ya pesa, nikaona sina neno.

Tazameni jambo hili vizuri. Pesa iliyokwisha kulipwa hairudi kwa kula. Mkila sahani moja au tano, ni ile ile. Saa ndizo zinazopungua. Tena hatari ya kinywaji kisicho na bei ni kwamba hakuna kinachokuzuia. Nyumbani mfuko mtupu humrudisha mume mapema, huko hakuna mfuko. Kubalianeni idadi mkiwa bado garini.

Vilevile ulizeni kabla ya kulipa ni nini hakimo. Mara nyingi pombe kali za kutoka ng'ambo, kufuliwa nguo, kukandwa mwili na safari za mashua hulipiwa kando. Nimesikia ugomvi mkubwa siku ya kuondoka kwa sababu ya bili ambayo mmoja aliitia sahihi bila kumwambia mwenzake. Na kama Jumapili itawakuta huko, ulizeni mapokezi siku hiyo hiyo ya kwanza saa za Misa iliyo karibu, msije mkaambiwa saa nne kwamba imekwisha.

Jambo jingine ni aibu. Mama zetu wengi hawajavaa nguo ya kuogelea, wala sisi wanaume wa milimani hatujui kuogelea. Mume asimcheke mkewe, wala asimlazimishe kwa sababu ameona wazungu. Leso na kutia miguu majini vyatosha.

Kulipokucha tulisahau kufunga dirisha, tumbili akaingia akachukua ndizi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa sisi kucheka tena. Nikamwuliza mfanyakazi mmoja habari za maji, akanieleza kwamba mwezi ukiwa mpevu ni wakati wa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hupita meta 3, na siku za bamvua pale hupwa kama saa nne asubuhi na usiku. Akatuonya tuvae viatu kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wenye miiba myeusi.

Saa nne ilikuta chai ya pili inaandaliwa. Nikaipita. Bahari ya jana iliyopiga ukutani ilikuwa imekwenda mbali, imeacha mawe na vidimbwi vyenye samaki wadogo. Mahali penye utelezi mama watoto alinyosha mkono. Kwetu mwanamume hamshiki mkewe mkono mbele za watu. Niliushika, na tulipofika kwenye mchanga mkavu hakuna aliyeuachilia.