Mikono ya mtoto kwenye hesabu

Swali: Mwanangu wa darasa la tatu hafanyi hesabu bila kuchezesha mikono. Nimkataze?

Jibu: Hapana, mama, mwache. Susan Goldin-Meadow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago huwapa watoto hesabu kama 4 + 3 + 6 = __ + 6. Wengi hujumlisha namba zote na kuandika 19. Katika utafiti wao wa 2009, watoto waliofundishwa kuweka vidole viwili chini ya 4 na 3, kisha kuonyesha kidole penye pengo, walifanya vizuri kuliko waliotumia maneno tu. Na hakuna aliyewatamkia kwamba hizo mbili zijumlishwe! Akikosea, tazama kwanza mikono yake. Huenda imeshaanza kuelewa kabla ya mdomo.