Kipandauso: Sindano ya Kuzuia, Si ya Kutuliza

Kipandauso kinapoanza, neva za kichwani humwaga kemikali iitwayo CGRP, inayochochea maumivu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha erenumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabarani, inayoziba mahali CGRP hujishikiza. Hudungwa chini ya ngozi kila mwezi. Haitulizi kichwa kinachouma sasa. Hupunguza siku za kuugua. Bei yake, hata hivyo, ni ya juu mno. Dawa za zamani za kuzuia, kama propranololi na amitriptilini, ni nafuu, ila mwenye pumu hapaswi kupewa propranololi. Mkazi anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi amwone daktari, kwani dawa hizo zenyewe huweza kuzidisha maumivu ya kichwa.