Kompyuta mpya ofisini: kosa huenda ni la ile kuukuu

Mfanyabiashara anaponunua kompyuta mpya ya ofisi huwa amekwisha kupiga hesabu ya bei, kodi na usafiri. Gharama ambayo aghalabu haimo katika hesabu hiyo ni ya zile siku mbili tatu ambazo mashine hukaa mezani haioni printa wala mafaili ya mahesabu yaliyo katika kompyuta nyingine, huku fundi akisubiriwa.

Chukua mfano wa duka la jumla la vipuri huko Kariakoo, Dar es Salaam, lenye ofisi ya watu wanne wanaolipwa jumla ya sh. 2,400,000 kwa mwezi. Kwa siku 24 za kazi, kila siku ya kukaa bure ina thamani ya sh. 100,000 za mishahara peke yake, kabla ya kuhesabu ankara ambazo hazikuchapwa na mteja aliyekwenda duka la jirani. Tatizo likiangukia katikati ya mwezi hali huwa mbaya zaidi, kwani ritani ya VAT ya mwezi uliopita hapana budi ifike TRA ifikapo tarehe 20, na takwimu zake zimo ndani ya kompyuta ya zamani ambayo ile mpya haiifikii.

Katika haraka hiyo ndipo hufanyika maamuzi ya hasara. Mashine hurudishwa dukani, na muuzaji akiijaribu huikuta nzima. Au fundi wa mtaani huifuta yote na kuingiza Windows ya wizi, mwenye mali akabaki amelipia programu halali ambayo hanayo tena. Yote mawili hutokana na dhana kwamba kwa kuwa kompyuta mpya ndiyo iliyoingia mwisho, basi kosa ni lake. Mara nyingi sivyo.

Fundi makini huanzia chini, kwenye waya, kisha hupanda. Wala habadili mambo mawili kwa mpigo, maana kazi ikikubali hatajua ni lipi lililoponya. Waya humalizwa kwa dakika tano: chomoa ule wa kompyuta inayofanya kazi, uuchomeke kwenye ile mpya. Ikikubali, kosa ni la waya wa kwanza au la tundu lake kwenye swichi. Ndani ya waya huo mna nyuzi nane, na mtandao wa kasi ya megabiti 100 hutumia nne tu. Ndiyo maana waya uliobanwa na mguu wa kabati huweza kufanya kazi, lakini kwa mwendo wa konokono. Penye mtandao usio na waya, iangaliwe kwanza kama mashine mpya haikuunganishwa kwenye jina lile la wageni. Ruta nyingi huwapa wageni intaneti na kuwafungia kila kitu kingine cha ofisi, printa ikiwamo.

Hatua ya pili ni anwani. Kila kompyuta katika mtandao wa ofisi hupewa namba, kwa kawaida na ruta, na namba hizo katika ofisi ndogo mara nyingi huanza na 192.168. Amri ya ipconfig huionyesha. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba namba, haikujibiwa, ikajitungia yake. Hapo hakuna haja ya kugusa printa wala folda. Kinachotafutwa ni kwa nini ruta haikusikia.

Namba ikiwa sahihi, hutumika amri ya ping, ambayo kazi yake ni kubisha hodi kwenye anwani nyingine. Bisha kwanza kwa ruta, kisha nje, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google. Ruta ikiitika na nje kukawa kimya, mwenye kuulizwa ni kampuni inayouza intaneti. Namba zikiitika lakini tovuti kwa majina hazifunguki, kilichokufa ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba.

Liko jambo jingine ambalo hutokea sana baada ya umeme kukatika. Printa ilipewa namba ya kudumu na fundi wa kwanza, ruta haina habari, na ikiwaka upya inaigawa namba ileile kwa kompyuta mpya. Printa inatoweka, wote wanamtazama mgeni. Dawa ni kuitengea printa namba yake ndani ya ruta yenyewe.

Sasa iko ofisi ambayo waya ni mzima, namba ni sahihi, intaneti inapita, lakini folda ya mahesabu haifunguki. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Windows 11 ikikuta mtandao mgeni kwa kawaida huuandika "Public", yaani mahali pa hadhara kama hotelini, na haitafuti majirani wala haijionyeshi kwao. Katika ofisi ya mtu mwenyewe ibadilishwe kuwa "Private". Kingine ni neno la siri. Karani aliyezoea kufungua kompyuta yake kwa PIN ya tarakimu nne huiandika PIN hiyohiyo akiulizwa na kompyuta ya pili, na hukataliwa siku nzima. PIN ni ya mashine moja. Mtandaoni hutakiwa neno la siri lenyewe la akaunti. Toleo la 24H2 la mwaka 2024, katika aina ya Pro, hukataa pia folda iliyoachwa wazi bila jina wala neno la siri, utaratibu ambao ofisi nyingi ziliufuata kwa miaka kadhaa.

Yote hayo yakipita, jicho ligeuke kwenye ile kompyuta ya pembeni inayotunza mafaili. Ikiwa ni ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, lugha yake ya kugawana mafaili ni moja tu, SMB ya kwanza. Lugha hiyo ndiyo iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, kilichofunga mafaili na kudai fidia katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwamo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo Microsoft ilianza kuiondoa katika Windows 10, na mashine mpya kwa kawaida haiizungumzi. Si kwamba imeharibika. Imekataa kuongea na isiye salama.

Mafundi wengi wanajua njia ya kuirudisha lugha hiyo, na kwa dakika kumi folda hufunguka na malipo hupokelewa. Ni huduma ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote, kwani mlango uliofungwa kwa sababu nzuri huachwa wazi kwenye kompyuta yenye ritani, madeni ya wateja na barua za benki.

Njia iliyo bora ni kugeuza kazi: mashine mpya ndiyo itunze mafaili, na ile kuukuu ipumzishwe. Kwanza nakala yote iwekwe kwenye diski ya nje, na mafaili kadhaa yafunguliwe kuhakikisha yanasomeka, ndipo yahamishwe. Kama programu ya mahesabu ni ya zamani kiasi cha kutokubali Windows mpya, iendelee katika mashine yake bila intaneti hadi mwaka wa hesabu ufungwe, na taarifa zake zichapwe hapohapo. Kazi hiyo ifanywe jioni duka likiwa limefungwa, baada ya tarehe 20, na fundi alipwe mizani ya mwezi itakapofunguka kwenye mashine mpya na jumla zake kulingana na zile za zamani.