SOMO: HERUFI MOJA KATIKA DAMU

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa pwani waliohamia hapa Isiolo: Yawaje mtoto akazaliwa na ugonjwa wa seli mundu, na hali baba na mama yake ni wazima? Na je, ni haki mama kulaumiwa, au jirani kudhaniwa uchawi? Jawabu haifahamiki ila tujue kwanza jinsi mwili unavyojenga protini zake.

Mwili umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo mno hazionekani kwa macho matupu. Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna DNA, ambayo ni mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Sehemu yenye amri ya kujenga protini fulani huitwa jeni. Kitabu chenyewe hakitoki katika kiini. Hunakiliwa ile jeni inayotakiwa, na nakala hiyo, iitwayo RNA, ndiyo itokayo kwenda kwa ribosomu. Ribosomu ndiye fundi. Huisoma nakala herufi tatu tatu, na kila tatu humtajia asidi amino moja katika zile 20, naye huziunga kama ushanga utungwavyo katika uzi, mpaka afike kwenye herufi za kukomesha.

Sasa tutazame himoglobini, protini ichukuayo oksijeni katika damu. Ina nyuzi nne: mbili za alfa na mbili za beta. Kila uzi wa beta una asidi amino 146. Jeni ya beta huandika GAG kwa ile ya sita, lakini katika jeni ya seli mundu imeandikwa GTG. Herufi moja tu imegeuka, na fundi, kwa kutii alichosoma, hutia asidi nyingine. Basi oksijeni ipunguapo, himoglobini hizo hushikamana, seli nyekundu ikapindika kama mundu, ikaziba mishipa; ndipo maumivu na upungufu wa damu.

Kila mtu hupokea jeni mbili za beta: moja kwa baba, moja kwa mama. Mwenye moja yenye kasoro huwa mzima kwa kawaida. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuwa na ugonjwa. Basi wazazi wote wawili wameshiriki sawasawa, wala hapana aliyekosa.

Na kwa nini jeni hii ni nyingi pwani? Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949, akaiona nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alibainisha kuwa mwenye jeni moja hukingika na malaria kali. Ama mwenye mbili, malaria kwake ni hatari kubwa.

Kwa hivyo yatupasa mambo matatu: wachumba wapime damu kabla ya kuoana; mgonjwa anyweshwe maji kwa wingi, khasa katika joto hili la Isiolo, na akishikwa na homa apelekwe hospitali bila ya kukawia; na ndimi zetu zimwache mama na jirani.