Kufundisha Mimea Isiyo na Mbegu: Riccia na Lycopodium

Mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa aingiapo darasani huwa anaifahamu mbegu tayari. Amepanda karanga na mbaazi; amekung'uta ufuta pamoja na wazazi wake. Mwalimu akitamka kwamba kila mmea hutokana na mbegu, darasa zima litakubali. Lakini mtoto huyo akiona mimea ya kijani imeota yenyewe ukingoni mwa kisima, atadhani imezuka katika matope. Mwalimu hana budi kuliepuka kosa hilo, na njia moja nzuri ni kulinganisha mimea miwili izaayo kwa spora.

Mimea yenyewe

Riccia ni mmea mdogo ulalao bapa juu ya udongo wenye unyevu. Hugawanyika pande mbili mbili, hata mara nyingi ukafanya duara mfano wa ua. Hauna shina, majani wala mizizi ya kweli, bali hujishikiza kwa vinywele vyembamba.

Lycopodium hupatikana penye mvua nyingi, kama vile milima ya Usambara na Uluguru. Una mizizi, shina, na majani madogo yaliyosongamana. Ndani yake mna mishipa ya kupitishia maji, na kwa sababu hiyo waweza kuinuka, hali Riccia hubaki chini. Jamaa zake wa kale, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, walikuwa miti iliyofikia urefu wa mita 30.

Kufanana na kutofautiana

Anza na ufuta. Punje yake, ingawa ni ndogo, ina mmea mchanga ndani pamoja na akiba ya chakula. Mafuta tukamuayo ndiyo akiba hiyo. Spora ni seli moja tu, nyepesi kama vumbi, wala haina mmea mchanga ndani yake. Mimea yetu yote miwili hutoa spora, na yote huhitaji maji ili seli ya kiume iogelee kulifikia yai.

Tofauti kubwa ni hii. Mmea wa kijani wa Riccia ndio utoao yai na seli za kiume. Sehemu izaayo spora ni kifuko kidogo kilichofichwa ndani yake, na spora hutoka mmea uozapo. Kwa Lycopodium mambo ni kinyume: mmea mkubwa tuuonao ndio uzaao spora, katika vifuko ambavyo mara nyingi hukusanyika nchani kama suke. Kizazi chenye yai ni kimmea kidogo ambacho ni vigumu kukiona.

Hatua za somo

1. Katika azimio la kazi, liweke somo hili kati ya Januari na Machi. Mvua za sehemu hizi hunyesha takriban Desemba hadi Aprili. Ukingoja Agosti, Riccia itakuwa imekauka.

2. Wapeleke wanafunzi mahali penye unyevu na kivuli. Wachunguze kwa lenzi na kuchora wakionacho, si wakitazamiacho.

3. Kwa Lycopodium tumia mchoro, ukieleza wazi kwamba mmea huo ni wa mbali. Ukipata kangaga kandokando ya kijito, litumie kama kielelezo: nalo lina mishipa, na mmea wake mkubwa ndio uzaao spora.

4. Laza jani la kangaga lililokomaa juu ya karatasi nyeupe, upande wa chini uelekee karatasi, uliache hadi kesho. Vumbi litakaloanguka ndilo spora.

5. Jedwali la ulinganisho lijazwe na wanafunzi wenyewe mwishoni. Likiandikwa ubaoni mwanzoni, litakaririwa bila kueleweka.

Tahadhari

Usiseme kwamba Riccia ni mmea usiokamilika. Umekamilika kwa maisha yake: huota, huzaa na kuacha spora udongoni kabla ya kiangazi. Swali la kupima somo liwe hili: kwa nini mmea huu haukui mrefu kama mbaazi? Atakayetaja mishipa ya maji amelielewa somo.