Sato wa kuchoma, Bujora, na swali la anasa



Likizo imefika, na swali limerudi: familia ikitoka kutembea, ikala vizuri na kupiga picha, si anasa tu hiyo? Mwingine akaongeza kwamba walau wanaoenda kaskazini mwa Hispania wana hija ya Santiago de Compostela. Sisi wa Mwanza tuna nini zaidi ya Jiwe la Bismarck?

Tuanze na chakula. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa ulafi ni kilema. Hilo tunalijua. Lakini katika Summa Theologiae (II-II, swali la 142) anasema pia kwamba kuikataa kabisa raha ambayo maumbile yanaihitaji nako ni kilema. Anayefunga kwa lengo jema ni habari nyingine. Kwa hiyo aliyekaa ufukweni na sato wa kuchoma, ugali wa muhogo na pilipili, akafurahi kwelikweli, hajapungukiwa utakatifu hata kidogo.

Sasa fungua Yohane 21. Wanafunzi wamekesha ziwani bila kupata kitu. Wavuvi wetu wanazijua asubuhi za namna hiyo. Yesu mfufuka yuko ufukweni na moto wa makaa, samaki na mkate. Kumbuka Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa (Yn 18). Hapa yuko tena mbele ya makaa, na Yesu haanzi na swali. Anamlisha kwanza. Wakishakula ndipo anamuuliza kama anampenda.

Yaani hapa ndipo penye uzito kwetu. Nyumba nyingi kila mtu anakula kwa saa yake, simu mkononi. Kuna baba na kijana hawaongei vizuri tangu matokeo ya Form Four yatoke. Vikao vimekaliwa, wajomba wameitwa, wapi! Wapeleke ziwani, wale sahani moja. Lile zungumzo gumu lisubiri.

Kuhusu hija, nendeni Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alifanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1950. Kanisa ni la mviringo kama nyumba ya Msukuma, na kwenye makumbusho kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hakuona sababu ya Msukuma kuacha ngoma yake nje ya mlango wa kanisa. Sikukuu ya Bulabo, neno lenye maana ya maua, imefungamana na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Mkiweza, nendeni Juni.

Njiani nunueni michembe au matobolwa, mle na karanga. Najua wapo wanaoona aibu, eti viazi vikavu ni chakula cha njaa. Bibi zetu walivianika jua likiwa kali ili wajukuu wale mvua ikichelewa.

Msipange safari ikagongana na Misa ya Dominika. Ulizeni ratiba ya parokia mapema. Na jamani, siku hiyo mama apumzike. Kupaa samaki na kuosha vyombo ni kazi yetu vijana, wa kiume tukitangulia.