Alama ya sarafu kwenye skrini si stakabadhi

Wateja wetu wengi siku hizi wananunua sarafu za kidijitali kwa pesa za simu. Unafungua tovuti, unaona duara la rangi ya chungwa lenye herufi B iliyoinamia kulia, na roho inatulia: hii ni Bitcoin. Unaona duara la kijani lenye T, unajua hiyo ni USDT, sarafu ya kampuni ya Tether inayofuata thamani ya dola ya Marekani. Hebu tuangalie picha hizo zinatoka wapi, maana kuna watu wanaziamini kupita kiasi.

Anayetengeneza tovuti kwa kawaida hachori alama hizo mwenyewe. Anapakua furushi la ikoni lililowekwa bure kwenye intaneti. Moja linalojulikana sana linaitwa cryptocurrency-icons. Ndani yake mna mamia ya picha ndogo, kila moja ikiwa na jina la herufi fupi za sarafu: btc, eth, usdt. Kisha anaandika kipande kidogo cha programu chenye kazi moja tu: kikipewa herufi "btc", kilete picha ya btc. Kipande hicho hicho hutumika kwenye orodha ya bei, kwenye salio na kwenye kitufe cha kutuma. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na hakuna anayeulizwa leseni.

Kwa hivyo tapeli naye anazipata alama zilezile, tena safi kabisa. Kama unataka kujua kampuni ni halali, picha haitakusaidia. Sheria iliyopitishwa Kenya mwaka 2025 inazigawia Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, kazi ya kuzisimamia biashara hizi. Uliza huko.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukiona duara la kijivu au mraba mtupu mahali pa alama, usikimbilie kusema umeibiwa. Mara nyingi furushi halina picha ya sarafu hiyo, au bando lako linasuasua.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye mtandao kama Ethereum, mtu yeyote anaweza kuunda tokeni yake na kuipa jina USDT. Mtandao haukatai majina kufanana. Kinachotofautisha ya kweli na ya bandia ni anwani ya mkataba wa tokeni, ule mfuatano mrefu unaoanza na 0x. Sasa, programu inayochagua picha kwa kuangalia herufi peke yake itaipa ile bandia alama ya kijani ya Tether bila kusita. Mtu akikutumia "USDT" kama malipo ya simu uliyomuuzia, linganisha anwani ya mkataba na ile iliyo kwenye tovuti rasmi ya Tether kabla hujamkabidhi simu.

Lakini hasara inayouma zaidi haihitaji mwizi. USDT ya kweli ipo kwenye mitandao kadhaa, ikiwemo Ethereum na Tron, na alama ni ileile moja. Anwani za Tron huanza na T, kwa hivyo ukijaribu kuichanganya na ya Ethereum, programu nyingi zitakataa. Shida iko kwa Ethereum, BNB Smart Chain na Polygon: zote zina anwani za 0x zenye urefu sawa. Ukichagua mtandao tofauti na ule anaotumia mpokeaji, muamala unapita vizuri tu, na bado pesa hazionekani kwake. Kama anwani ni ya pochi ambayo mpokeaji ana funguo zake mwenyewe, anaweza kuzifikia kwa kuufungua mtandao huo. Kama ni ya soko la sarafu lisilotumia mtandao huo, mko mikononi mwa soko hilo.

Kwenye pesa za simu umezoea kuona jina la mpokeaji, na ukikosea unaomba muamala urudishwe. Huku hakuna jina wala namba ya kupiga ili urudishiwe.

Ndiyo maana tunashauri uanzie upande wa kupokea. Mpokeaji achague sarafu na mtandao kwanza, ndipo anakili anwani na kukutumia pamoja na jina la mtandao, mfano "USDT, Tron". Ukiibandika, soma herufi za mwanzo na za mwisho, halafu tuma kiasi kidogo. Subiri akuambie kimeingia kwenye salio lake, sio kwamba "imetumwa" kwenye skrini yako. Ada utalipa mara mbili, na kwenye Ethereum inaweza kuwa kubwa, lakini ukiwa unatuma akiba ya miezi mitatu, lipa tu.